Bima wanajua gari ni langu, mume wangu anajua ni la kaka

Shangazi, shikamoo.

Jina langu naomba usilitoe. Nina miaka 39, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nimeolewa na tuna watoto watatu. Biashara yangu ni mafuta ya alizeti. Nanunua Singida kwa wenye mashine za kukamua, wakati mwingine Kibaigwa, naleta mjini kwa madumu na kuuzia maduka ya Majengo na mama lishe wa Sabasaba.

Niliumia mwaka 2019. Tulikuwa na pikipiki tuliyonunua wote wawili, mimi na mume wangu. Siku moja naamka alfajiri niwahi mzigo, nakuta kamba ya kufungia madumu imening'inia kwenye msumari, pikipiki hakuna. Ameiuza usiku kulipa deni ambalo sikulijua. Aliomba radhi, tena mbele ya mama yake. Hajawahi kunipiga wala kunitukana. Lakini toka siku ile nikajifunza kuficha.

Mwaka 2022 nilipata mgao wa vikoba, nikaongeza akiba ya biashara, nikajikuta na hela ya gari. Kaka yangu wa tumbo moja yuko Dar es Salaam, akanitafutia Toyota Noah. Nilimtumia hela kwa mafungu matatu, mawili benki, moja kwa simu. Akaniuliza, kadi iandikwe jina gani? Nikasema, andika lako. Mume wangu nikamwambia kaka ameniazima gari nifanyie biashara. Alifurahi sana, Shangazi. Alimpigia shemeji yake simu palepale kumshukuru, na kaka akaitikia. Hadi leo hajui vinginevyo.

Miaka ya mwanzo nilikata bima ndogo, ile ya shilingi 118,000, na hakuna aliyeniuliza kitu. Mwaka jana nikaona nikate bima kubwa, ile inayolipia hata gari langu mwenyewe, maana barabara ya Singida naipita kila wiki. Wakala alilipiga gari picha pande nne, akaandika namba ya chasisi, akaniuliza, "Mama, gari ni lako?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Matumizi binafsi?" Nikasema ndiyo. Fomu alijaza yeye, mimi nikaweka saini. Gari lilithaminiwa milioni 14, nikalipa asilimia 3.5 na VAT juu yake, jumla 578,200. Kadi hakuiomba, na mimi sikuitaja. Kadi iko kwa kaka.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Singida, nimeshapita Bahi, sijafika Nala. Giza limeanza kuingia. Bodaboda akatokea kwenye njia ya vumbi upande wa kushoto, hana taa, amebeba magunia mawili ya mkaa. Nilikata kulia, nikamgonga kwa ubavu wa gari, nikaingia kwenye karavati. Dumu moja lilipasuka. Nakumbuka mafuta yakitiririka kwenye lami na kandambili ya yule kijana imesimama katikati yake, ya mguu mmoja tu. Yeye alivunjika mguu. Polisi walimpa PF3, tukampeleka hospitali. Trafiki wakapima na kuchora ramani.

Gereji wamenikadiria milioni 6.4. Nikapeleka madai, mtathmini akaja, akaomba kadi. Nikamwonyesha picha aliyonitumia kaka kwenye simu. Akaiangalia, akaangalia fomu, akaniangalia mimi. Baada ya wiki bima wakanikatalia. Barua inasema: "Tunaomba utupatie ndani ya siku 30 maelezo ya maandishi kuhusu umiliki wa gari, kwa kuwa taarifa ulizotoa hazilingani na kadi ya usajili." Siku 9 zimeshapita.

Kaka anasema tuandike mkataba wa mauziano kwamba aliniuzia gari, turudishe tarehe nyuma kabla sijakata bima. Ana rafiki yake wakili atagonga mhuri. Wakala naye anasema hivyohivyo, kwamba faili litapita. Na juzi nimempigia kaka, simu akapokea wifi. Akaniambia, "Gari la mume wangu umelivunja, utalilipa lini?" Sijui anatania au ameamini.

Nikiwaambia bima ukweli, mume wangu atajua nimemdanganya miaka yote hii. Nikishikilia hadithi ninayomwambia mume wangu, basi bima niliyokata ni ya gari la mtu mwingine. Silali. Nifanyeje?

Mama wa Madumu, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ajali, na pole kwa usiku ambao hulali. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Ninavyoielewa, una gari moja lenye hadithi mbili. Kwenye kadi ni la kaka, kwenye fomu ya bima ni lako, masikioni mwa mume wako ni la kaka tena. Kwa miaka kadhaa hadithi hizo hazikukutana kwa sababu kila mmoja aliuliza peke yake. Sasa barua ya kampuni inataka jibu moja, kwa maandishi, lenye saini yako, na jibu hilo likishaandikwa linaweza kusomwa na yeyote. Hapo ndipo ulipokwama. Milioni 6.4 inauma, lakini sidhani kama ndiyo inayokunyima usingizi.

Kabla sijaenda mbali, rudi kwenye barua yao. Wewe umeniandikia kwamba bima "wakanikatalia." Mstari ulionakili hausemi hivyo. Unasema wanaomba maelezo. Kukataliwa ni barua nyingine kabisa, yenye neno "tunakataa" na sababu yake. Kwa siku 9 umelia msiba ambao bado haujatangazwa, na ndani ya hofu hiyo umeletewa ushauri wa kughushi. Una siku 21. Si nyingi, lakini zinatosha.

Nina rafiki, wakili wa siku nyingi hapa Dodoma, nilimsomea barua yako bila kukutaja. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba bima hainunuliwi na mwenye jina kwenye kadi peke yake. Wanachokitazama ni maslahi: gari likiharibika, nani anaumia mfukoni? Aliyetoa hela, anayelitumia, anayeishi kwa hilo gari, anaweza kuwa na maslahi hata kama kadi ina jina la mwingine. Kwa hiyo ulipomjibu wakala "ni langu," ulikuwa umeshika kipande cha ukweli. Lakini fomu ilimtaka mmiliki, na ulijua kadi inasema vingine. Ukanyamaza. Hicho kipande kingine nacho ni cha kweli, na lazima tukitazame wote wawili bila kukwepesha macho.

Bima inasimama juu ya kanuni ya nia njema kuliko mikataba mingine mingi. Anayekata bima ndiye anayekijua kitu chake, anayeiuza anamwamini. Rafiki yangu akanikumbusha kesi ya Uingereza ya mwaka 1766, ambako jaji Lord Mansfield aliieleza kanuni hiyo kuhusu bima ya ngome moja kule Sumatra, na sheria yetu ya bima imerithi mengi kutoka huko. Jambo lililonigusa mimi ni kwamba katika kesi ileile aliyeshinda ni mwenye bima. Mwenye kuuza bima alionekana angeweza kujua au kuuliza, na hakufanya hivyo. Sikupi hili ulipeleke kampuni kama silaha. Nakupa ili ujue kwamba swali la kadi ambayo wakala hakuiomba lina uzito wake, hata kama halifuti ukimya wako.

Hapo hapo, mchunguze huyo wakala. Je, ni wakala wa kampuni au ni dalali wa bima? Wakala anaitumikia kampuni. Dalali anakutumikia wewe mteja. Kama ni wakala, kampuni nayo ina la kujibu kuhusu namna alivyojaza ile fomu. Ila usijipe matumaini makubwa kwenye hili. Fomu anaweza kuijaza mtu yeyote. Ukishaweka saini, maneno yanakuwa yako. Na mtu huyohuyo leo anakushauri urudishe tarehe nyuma. Faili likikwama, atasema ulimletea mkataba mwenyewe.

Nikae kwenye huo mkataba kidogo, maana najua ndio unaokuvuta. Unaonekana mwepesi: karatasi mbili, mhuri, mume hajui, hela inaingia. Mimi ndio unaonitia hofu kuliko yote uliyoniandikia. Kaka hajawahi kukuuzia gari. Hela ilitoka kwako kwenda kwake kabla gari halijapatikana, na benki wana kumbukumbu zenye tarehe. Mtathmini ameshaona picha ya kadi, na barua imeshaandikwa kwamba taarifa hazilingani. Mkataba utakaoibuka sasa utasomwa na mtu ambaye tayari anautilia shaka. Ukigundulika, hamtakuwa tena kwenye suala la fomu iliyojazwa vibaya. Mtakuwa kwenye kughushi, ambako ni kosa la jinai, wewe, kaka, na huyo rafiki yake mwenye mhuri. Na dai ambalo pengine lingezungumzika linakufa hapohapo.

Lakini kaka yako anaweza kukusaidia kwa karatasi nyingine. Karatasi ya leo inayoeleza mambo ya 2022 si sawa na karatasi ya leo iliyobandikwa tarehe ya zamani. Anaweza kula kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kwa tarehe ya siku hiyohiyo, akaeleza kwamba hela ya gari ilitoka kwako, kwamba jina lake liliandikwa kwa ombi lako, na kwamba gari limekuwa mikononi mwako muda wote. Wewe ukaambatanisha miamala ya benki na ya simu. Hapo hamjazua kitu. Mnaeleza jambo kama lilivyokuwa, na sehemu yenu ya kosa imo ndani.

Sasa nikuulize kitu ambacho umekiandika kama kwa kupita. Uliulizwa kama ni matumizi binafsi, ukasema ndiyo. Lakini gari linabeba madumu kila wiki, na siku ya ajali yalikuwemo. Gari la kubebea mzigo wa biashara mara nyingi linakatiwa bima ya daraja jingine, na ada yake ni nyingine. Wewe macho yako yote yako kwenye kadi, lakini mafuta yalimwagika barabarani na trafiki waliyaona. Kama utaandika maelezo ya ukweli kuhusu kadi, je, utaandika na hili? Ukilisema, unawapa sababu ya pili ya kukubana. Usipolisema na wakalikuta kwenye ripoti ya polisi, hata yale ya kweli uliyoandika yatachujwa upya. Ningependa ulipime hili na wakili wako mwenyewe, aliyekaa na nakala ya mkataba wa bima mkononi. Na huo mkataba ulishawahi kuusoma? Wengi wetu tunaondoka na stika tu. Omba nakala kamili na ya fomu uliyosaini, ni haki yako.

Ukiandika kweli, sitakuahidi kwamba watalipa. Wanaweza kusema taarifa ya umiliki ilikuwa ya msingi na kuvunja mkataba. Wanaweza kukubali maelezo na kulipa, au kutaka mzungumze kiasi. Wakikataa, waombe wakuandikie sababu. Ukiwa na barua hiyo unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya watu kama wewe na kampuni kama hiyo. Huko kote utasikilizwa vizuri zaidi ukienda na karatasi zisizogongana.

Umesema kaka anasukuma mkataba. Sikuona mahali aliposema yeye ndiye adai. Iwapo wazo hilo litakuja, kumbuka yeye si aliyekatiwa bima. Jina lake liko kwenye kadi, si kwenye mkataba wa bima.

Ipo pia njia ya kuondoa dai la gari lako na kulitengeneza mwenyewe. Wapo wanaochagua hivyo na wanalala. Lakini hesabu vizuri. Milioni 6.4 ni karibu nusu ya thamani ya gari lako, na ukiitoa kwenye mtaji, madumu yatakuja na nini? Halafu, hata ukisamehe bati lako, yuko kijana wa bodaboda.

Huyo, mwanangu, umemtaja kwa mistari mitatu, na kandambili yake ndiyo imebaki akilini mwangu. Bima kubwa ina bima ndogo ndani yake, na bima hiyo ndogo imelazimishwa na sheria kwa ajili ya watu kama yeye, walioumia barabarani na hawakusaini fomu ya mtu. Sheria inamlinda yeye zaidi kuliko inavyokulinda wewe, kiasi kwamba kampuni inaweza kujikuta inamlipa kisha ikageuka kukudai wewe kwa sababu ya taarifa zako. Hata ukiacha dai la gari, suala lake lazima kampuni ilijue. Na familia yake ikitafuta wa kumshtaki, jina la kwanza watakaloliona ni lile la kwenye kadi. Kaka yako amelifikiria hilo? Aliitikia kukusaidia kwa jina tu. Sidhani kama alijua jina hilo linaweza kuitwa mahakamani kwa mguu uliovunjika Bahi.

Sasa tuje nyumbani.

Hofu yako haikutoka hewani. Nimeiona ile kamba kwenye msumari kama vile niko pale. Mwanamke akishaamka akakuta msumari mtupu, hata mumewe akiomba radhi mbele ya mama yake, mkono unabaki na tabia ya kuficha. Sikulaumu. Lakini nataka nikuulize kwa upole: jina la kaka lilikulinda na nini hasa? Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kuolewa hakuhamishi mali yako kwenda kwa mume, na mali iliyo kwa jina la mmoja wenu inachukuliwa kwanza kuwa ya huyo mmoja, hadi mwingine athibitishe vinginevyo. Kadi ingekuwa na jina lako, asingeweza kuliuza gari usiku kama pikipiki. Sisemi isingetokea ugomvi. Sisemi pia kwamba mbele ya mahakama, ndoa ikifika huko, mahakama haiangalii mchango wa kila mmoja. Nasema ukuta ulioutafuta kwa kaka ulikuwepo nyumbani kwako, bila kumdanganya mtu.

Na ukuta wa kaka una mlango ambao ufunguo wake huna. Wifi ameshaliita gari la mumewe. Huenda anatania, na huenda hajawahi kuambiwa ukweli, kama mume wako. Nimekaa kwenye matanga moja, miaka ya nyuma, ambako mdogo wa marehemu alikuwa akimlilia kaka yake kwa jicho moja na kwa jicho la pili analitazama trekta lililoegeshwa uani, alilolinunua yeye, kadi ikiwa na jina la marehemu. Kwenye kikao cha ukoo alisimama kueleza, akaambiwa akae. Trekta liliingia kwenye orodha ya mirathi pamoja na viti vya plastiki. Kaka yako Mungu amweke. Lakini kadi yenyewe, ile halisi, umeiona lini? Una picha. Kadi za magari huwekwa rehani kwa mikopo kila siku, na mwenye kuweka anaamini atairudisha kabla hujajua. Simtuhumu. Muulize tu, na usikilize anavyojibu.

Kuhusu mume wako, nimejaribu kumtafuta kwenye barua yako, nimemwona mara mbili: akiuza pikipiki mwaka 2019, na akimpigia shemeji simu kumshukuru. Katikati na baada ya hapo, sijui amekuwa mtu gani. Ameshawahi kugusa hela ya mafuta? Alipopata habari ya ajali alifanya nini? Wewe ndiye unayejua. Ikiwa ni mtu aliyejirekebisha, basi ni mtu aliyeishi miaka yote hii na mke asiyemwamini bila kujua, na siku atakapojua, kinachoweza kumchoma zaidi ni ile simu ya shukrani. Alimshukuru mtu kwa hisani ambayo haikuwepo, na nyie wawili mkamwacha ashukuru. Hiyo ni aibu ya mwanaume mbele ya shemeji yake, usiichukulie kwa wepesi. Ikiwa hajajirekebisha, hofu yako ina sababu hadi leo, na mazungumzo yenu yanataka mtu wa tatu wa kukaa naye: mama yake aliyesikia radhi ya kwanza, au mshenga wenu kama yupo na mnamheshimu wote.

Unaweza kuchagua kutomwambia sasa. Ijibu kampuni, nyamaza nyumbani, subiri. Naelewa kwa nini ungependa hivyo. Ila tazama ni watu wangapi wanajua tayari: kaka, wakala, mtathmini, aliyeandika barua, pengine wifi na kwa hiyo mashoga zake. Ndugu wa yule kijana watakuja Nkuhungu siku moja kuulizia, na mume wako ndiye atakayewakaribisha kiti. Atasikia kwa mdomo wa nani?

Unaweza kumwambia kwanza, kabla hujaandika chochote. Hapo maelezo ya bima yanakuwa mepesi kuandika, kwa sababu hakuna unayemkwepa. Hatari yake ni kwamba siku 21 hizi zikawa za ugomvi badala ya za karatasi, na ukakosa tarehe. Au unaweza kuandika maelezo kwanza, ukayaacha kwa wakili yakiwa tayari, kisha ukazungumza naye jioni watoto wakiwa wamelala, ukiwa na maneno yako umeshayapanga mara moja. Kuna watu wanaokuta ukweli ni rahisi kuutamka baada ya kuuandika. Sijui wewe ni wa aina gani.

Ukimwambia, nakuomba usianze na pikipiki. Ukianza na pikipiki yatakuwa mashitaka, naye atajitetea, na gari litasahaulika. Ianze na gari, ulivyokusanya hela, ulivyoogopa. Pikipiki itakuja yenyewe.

Kuhamisha umiliki kuja kwako, kupitia TRA, hilo litakuja, na lina gharama zake za ada na ushuru wa stempu. Usilikimbilie wiki hii kabla kampuni haijapata maelezo yako. Kadi ikibadilika jina katikati ya uchunguzi bila wao kuambiwa, itaonekana mnafunika nyayo. Waandikie kwamba mnakusudia kuhamisha, kisha hamisheni.

Mpigie kaka leo, muombe kadi halisi aipeleke kwenye basi, uipokee mwenyewe stendi ya Nzuguni. Akikubali bila maneno, utajua una mtu wa kuapa naye. Akianza kuzunguka, niandikie haraka, hapo tutakuwa na mazungumzo mengine. Na ukitoka stendi, kama bado yule kijana amelazwa, pitia wodini. Mpelekee viatu, vyote viwili.

Shangazi yako